Kutoa Prosesa, Kutia Prosesa: Kompyuta Kuukuu za Kadutu

Kubadilisha prosesa ni kuondoa chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta na kuweka nyingine yenye nguvu zaidi katika soketi ileile, huku kasha, ubao mama na diski vikibaki vilevile. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu moja tu: waliobuni kompyuta ya mezani waliiacha prosesa ichomekwe badala ya kulehemiwa. Mafundi wa Kadutu, mlimani Bukavu, mashariki mwa Kongo, wamepata riziki kupitia tundu hilo dogo, na kila viwanda vilipobadilisha umbo lake, sehemu ya ujuzi wao ililazimika kuanza upya.

Kadutu ni mojawapo ya komini tatu za Bukavu, pamoja na Ibanda na Bagira. Chini ya utawala wa Ubelgiji, mji ulipoitwa Costermansville, Wazungu walijenga kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu, nao Waafrika waliowafanyia kazi wakapewa makazi mlimani, mbali na maji. Watawala walikusudia pawe makazi ya vibarua. Pakawa mji wa watu wa mikono: washona nguo, maseremala, wafua mabati, watengeneza saa na redio, na katikati yao soko ambalo hadi leo linalisha sehemu kubwa ya Bukavu. Nyumba zimebanana, nyingi za mbao, na vijia ni vyembamba kiasi kwamba mzigo hupita kichwani au mgongoni kuliko kwenye gari.

Desturi ya kutengeneza badala ya kutupa ina chanzo kinachojulikana. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Wengi waliokabidhiwa hawakuwa wafanyabiashara; bidhaa za nje zilipungua madukani, na vipuri vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuadimika. Aliyekuwa na redio iliyokufa alihitaji mtu wa kuifufua kwa viungo vya redio nyingine iliyokufa. Wakongo waliipa hali hiyo jina la kisheria, Kifungu cha 15, yaani kila mtu ajitafutie njia. Karakana ndogo za Kadutu zilikua katika miaka hiyo, na zile zilizoshughulikia redio na kaseti ndizo zilizokuwa na pasi ya kulehemu, kipima umeme na jicho la kusoma rangi za vipinga. Kompyuta zilipokuja, vifaa hivyo vilikuwa tayari mezani.

Zilikuja kwa njia kadhaa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianzishwa mwaka 1989, na Radio Maendeleo mwaka 1993. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mto Ruzizi kwa malaki, nyuma yao yakaja mashirika ya misaada yenye ofisi, jenereta na kompyuta. Miaka michache baadaye, vita vya 1996 na vya 1998 viliwatawanya watu na mali. Mashine ya ofisi iliyofungwa haipotei. Hubadilisha mwenyewe, kisha hushuka bei, kisha hufika kwa fundi.

Wateja waliozihitaji zaidi, hata hivyo, hawakuwa mashirika. Walikuwa wenye maduka ya uchapaji ambayo Wakongo huyaita sekretaria publiki: chumba kimoja, meza mbili au tatu, na bango nje linaloahidi kuchapa, kunakili na kufunga vitabu. Kabla ya kompyuta, chumba hicho kilikuwa na taipureta na karatasi za kaboni. Barua ya kuomba kazi, hati ya kuuza kiwanja, tangazo la msiba, na zaidi ya yote TFC, yaani andiko la kumaliza masomo ya chuo, vyote vilipita hapo. Mwanafunzi hulipa kwa ukurasa. Kwa hiyo mashine inayochelewa kufungua faili, au inayoganda wakati printa imeshapokea nusu ya kazi, inamtoa mwenye duka pesa mfukoni kila siku. Mtu huyo hanunui prosesa kwa ajili ya fahari. Ananunua kurasa.

Tundu lenyewe lina historia iliyoandikwa mbali. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia prosesa ya Intel 8088, na kando yake paliachwa soketi tupu ya chipu ya pili, 8087, kwa anayehitaji hesabu nzito. Wazo lilikuwa hili: mashine inauzwa ikiwa haijakamilika, mwenyewe ataikamilisha akipata. Mwaka 1992 Intel ilianza kuuza prosesa za OverDrive, zilizokusudiwa hasa kutiwa katika kompyuta za zamani. Wakati huohuo likaenea badiliko dogo lenye maana kubwa, nalo ni soketi yenye kishikio. Awali chipu yenye pini zaidi ya mia ilipaswa kusukumwa kwa nguvu na kung'olewa kwa chombo maalumu. Kwa kishikio, fundi huinua, huitoa chipu kama anayetoa yai kiotani, hutia nyingine, hushusha.

Soketi iliyokuwa ya ukarimu kuliko zote ni ile iliyoitwa Socket 7, ya mwaka 1995. Ilipokea Pentium ya Intel, K5 na K6 za AMD, na 6x86 ya Cyrix. Kampuni tatu zilizoshindana zilitumia tundu moja, na hali hiyo haijarudi tena. Lakini ukarimu wake ulikuwa na mtego. Pentium za kwanza za soketi hiyo zilitaka umeme wa takriban volti 3.3, Pentium MMX ya mwaka 1997 ilitaka 2.8 katika kiini chake. Volti zilichaguliwa kwa vijiti vidogo vya kuunganisha pini, kufuata jedwali lililochapwa kwenye ubao wenyewe kwa herufi ndogo mno. Fundi aliyesahau kuvihamisha aliweza kuichoma chipu mpya. Tabia ya kusoma ubao kabla ya kugusa kitu ilizaliwa hapo, na ndiyo inayomtenganisha fundi na mbahatishaji hadi leo.

Baada ya hapo kila kampuni ilifunga mlango wake. Mwaka 1997 Intel iliitia Pentium II ndani ya katriji ndefu inayosimama kwenye mfereji. AMD ikafuata kwa mfereji wake mwaka 1999. Kisha wote wawili wakarudi kwenye soketi bapa, kila mmoja ya kwake. Socket 478 ya mwaka 2001 inakumbukwa kwa hila moja. Pasta ya kupitisha joto ilikauka, ikaishika prosesa kwenye kipoza joto, na fundi aliyevuta kipoza aliing'oa chipu pamoja nacho huku kishikio kikiwa kimefungwa. Pini zililala kama majani yaliyokanyagwa. Dawa ilikuwa kuiwasha mashine dakika kadhaa ili pasta ilainike, kisha kukizungusha kipoza taratibu kabla ya kukiinua. Umeme ukiwa umekatika, hapakuwa na haja ya kuanza kazi. Pini zilizopinda zilinyooshwa moja moja kwa sindano au ncha ya wembe, na iliyovunjika haikuwa na tiba.

Mwaka 2004 Intel iligeuza mambo. Katika soketi ya LGA 775 prosesa haina pini kabisa. Chini yake kuna vidoa bapa 775, na pini zimehamia kwenye ubao, laini kama manyoya. Hasara ikahama pamoja nazo. Zamani kosa la mkono liliharibu chipu. Sasa linaharibu ubao mama mzima. Pamoja na hayo, soketi hii ndiyo iliyoijenga kazi ya kubadilisha prosesa katika masoko ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, kwa sababu ya urefu wa muda wake na kwa sababu ya ofisi za mbali.

Ofisi za Ulaya na Amerika hununua au hukodi kompyuta kwa mamia, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa jumla. Mnunuzi wa mamia huchagua prosesa ya bei ya chini, maana karani hahitaji zaidi. Lakini kasha lilelile na ubao uleule viliuzwa pia na prosesa za bei ya juu. Mashine hizi, Dell OptiPlex na HP Compaq hasa, zilipita Dubai, Mombasa au Dar es Salaam, zikapanda Kampala au Kigali, na hatimaye zikavuka Ruzizi. Ndani ya mzigo mmoja mlikuwa na ndugu maskini walio hai na ndugu matajiri waliokufa kwa ugonjwa mwingine. Kubadilisha prosesa kulikuwa kuchukua moyo wa tajiri aliyekufa na kumpa maskini anayepumua. Biashara hiyo haikukosa vikwazo: katika bajeti ya mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta zilizotumika, kwa hofu ya taka, na hofu hiyo haikuwa ya bure.

Mashine za njia hiyo zilikuja na mambo yaliyomchosha fundi kabla hata hajafikia prosesa. Zile za Marekani zilikuwa na swichi nyekundu nyuma, imewekwa 115. Aliyeichomeka kwenye umeme wa volti 220 bila kuihamisha alisikia mlipuko. Kibodi zilifuata mpangilio wa Kiingereza, wakati wachapaji wa Bukavu vidole vyao vimefundishwa mpangilio wa Kifaransa. Na mbao nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa na kapasita zilizovimba vichwa, kasoro iliyowahi kuzipata kompyuta za viwanda vingi duniani. Kapasita ya maikrofaradi 1500 na volti 6.3 ilitafutwa kwenye ubao mwingine. Yenye volti kubwa zaidi ilikubalika, yenye volti ndogo haikukubalika. Kutia prosesa mpya kwenye ubao wenye kapasita mbovu ni kumpandisha mzee mlima na gunia mgongoni.

Kisha likaja jambo lililowasumbua wengi: kutoshea si kukubaliana. Prosesa ya Core 2 Duo, iliyotoka Julai 2006, inakaa vizuri kabisa katika soketi ya Dell OptiPlex GX620 ya mwaka uliotangulia, lakini mashine haiwaki. Katika OptiPlex 745 inawaka. Makasha mawili yanafanana, soketi ni moja, tofauti iko katika kundi la chipu za ubao, katika sakiti inayoipa prosesa umeme, na katika bayosi, yaani programu ndogo inayoitambua prosesa mashine inapoamka. Wakati mwingine kuibadilisha bayosi kwa toleo jipya kulitosha. Lakini kazi hiyo hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, na umeme ukikatika katikati, ubao hufa. Katika mji wa delestaji, yaani mgao wa umeme, dakika chache za kazi hiyo zilitaka moyo, au betri.

Umeme ndio ulioipa kazi hii ya Kadutu sura yake yenyewe. Bukavu hupata umeme kutoka mto Ruzizi: bwawa la Ruzizi I lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, linalotumiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, mwaka 1989. Mji uliongezeka kuliko mitambo. Katika mitaa ya juu ya Kadutu nyaya zimegawanywa nyumba hadi nyumba, na volti hushuka jioni kila mtu anapopika na kuwasha taa. Kwa hiyo swali la msingi la mwenye sekretaria halikuwa mashine inakimbia kiasi gani, ila inakula kiasi gani.

Jibu la mwaka 2006 lilikuwa la ajabu. Pentium D 820, yenye gigahezi 2.8, ilipimwa kwa wati 95 za joto. Core 2 Duo E6300, yenye gigahezi 1.86, ilipimwa kwa wati 65, na katika kazi nyingi ilikuwa na kasi zaidi. Mteja aliyefundishwa na matangazo ya miaka kumi kwamba gigahezi nyingi ndiyo nguvu alidhani anadanganywa. Ilibidi aonyeshwe: faili lilelile, mashine mbili, saa ukutani. Na faida ya pili ilionekana kwenye betri. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 70 inabeba wati-saa 840, na ni nusu yake tu inayofaa kutolewa bila kuiua. Mashine na skrini vikila wati 140, nusu hiyo inatosha saa tatu. Vikila 100, inapita saa nne, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye inveta. Saa moja ya ziada mwezi wa TFC ni kurasa nyingi.

Vumbi nalo lina nafasi yake katika historia hii. Kuanzia Juni hadi Agosti, ukame unapokausha barabara za udongo, kipoza joto huziba kama chujio la chai. Prosesa inayopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mashine nyingi zilizoletwa zibadilishwe prosesa zilihitaji brashi na pasta mpya tu, na fundi mwaminifu aliyesema hivyo alipoteza dola chache siku hiyo akapata mteja wa miaka.

Kuna uhusiano mwingine kati ya Bukavu na chipu, na ni haki usemwe wazi. Eneo la Kivu hutoa madini ambayo bila hayo vifaa hivi haviwezi kuwapo. Kolitani hutoa tantali, inayotumiwa kutengenezea kapasita ndogo ndani ya simu na kompyuta. Bei yake ilipopanda ghafla mwaka 2000, vijana wengi waliacha shule na mashamba wakaenda machimboni. Kasiteriti ya Kalehe na Shabunda hutoa bati, na bati ndilo linalounganisha kila mguu wa kila chipu na ubao. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vya umeme, na lehemu iliyokuwa na bati asilimia 63 ikawa na bati zaidi ya asilimia 95. Lehemu ya zamani huyeyuka kwa nyuzi 183; hiyo mpya hutaka takriban 217. Mahali ambapo volti hushuka jioni, pasi ya kulehemu hufika nyuzi hizo kwa shida. Hivyo fundi wa Kadutu akajikuta akipambana na bati ambalo pengine lilichimbwa mkoani kwake, likasafiri hadi Asia, likarudi likiwa gumu zaidi kuyeyusha.

Mwaka 2010 madini hayo yaligusa mji kwa njia nyingine. Julai, Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zieleze asili ya madini ya Kongo na majirani zake. Septemba, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, na Maniema hadi Machi 2011. Pesa zilipungua mikononi. Katika miezi kama hiyo watu hawanunui kompyuta. Wanaitunza waliyo nayo.

Soketi iliyofuata kuwa na maana, LGA 1155 ya Januari 2011, ilirudia hadithi ya 775 kwa ufupi. Mashine zilifika na Core i3-2100 ya viini viwili, nayo i5-2400 ya viini vinne ilitoshea. OptiPlex 7010 ilipokea vizazi viwili vya prosesa bila kulalamika. Ila wati zilipanda tena, kutoka 65 hadi 95, na aliyetegemea betri alilazimika kupiga hesabu upya. Baada ya hapo Intel iliendelea kubadilisha soketi kila miaka michache, na mwaka 2017 ilitoa prosesa zenye vidoa 1151 kama zilizotangulia ambazo hata hivyo hazikubaliani na mbao za zamani. AMD ilishika njia tofauti: soketi ya AM4 ilidumu kwa vizazi kadhaa kuanzia 2016. Ni sifa wanayostahili, ingawa mashine za AMD zilikuwa chache katika mizigo ya ofisi.

Kilichoipunguzia nguvu kazi hii si soketi peke yake. Diski za SSD ziliposhuka bei, ilionekana kwamba mashine kuukuu iliyotiwa SSD na kuongezewa RAM huamka kwa kasi ambayo prosesa mpya haiwezi kuileta. Utaratibu wa busara ukawa kusafisha kwanza, kisha RAM, kisha SSD, na prosesa mwisho. Wakati huohuo kompyuta za mapajani zilichukua nafasi ya zile za mezani, kwa kuwa zina betri zake ndani, na kuanzia katikati ya miaka ya 2010 karibu zote zina prosesa iliyolehemiwa. Hapo hakuna soketi ya kufungua.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa, benki zikafungwa, na biashara inayotegemea mipaka na dola taslimu ikabanwa pande zote. Tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo Microsoft iliacha kuitunza Windows 10; Windows 11 haizitambui rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotoka kabla ya 2017, na hilo linajumuisha kila chipu iliyowahi kukaa katika LGA 775 na LGA 1155. Kwa kazi ya kuingia benki kwa intaneti hilo ni jambo zito, na mwenye mashine ya aina hiyo anafaa kuhamia Linux au kuitenga na mtandao. Kwa kazi ya sekretaria publiki, Core 2 Duo ya mwaka 2006 yenye RAM ya gigabaiti 4 na SSD ndogo bado inachapa TFC ya kurasa 60 na kuitoa kwenye printa kabla delestaji haijaanza. Prosesa hiyo inatosha.